Atributi ya HTML na fomu za afya za Msambweni

Leo simu mpya zikae pembeni, tuzungumze historia kidogo. Nimechagua kitu kidogo kabisa cha HTML: atributi, yale maneno yanayokaa ndani ya tagi, kama id, class au href. Sisi waandishi wa programu tunayapita kila siku bila kuyasalimia. Lakini takwimu za hospitali na zahanati za Kwale, Msambweni ikiwemo, zilipoingia mtandaoni mwaka 2011, mzigo mkubwa ulibebwa na hayo.

Tuanzie mbali. Mwaka 1993 ilikuja CGI: programu kwenye seva inaandika HTML yote yenyewe, mstari kwa mstari. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf akatoa PHP, na kodi ikachanganywa ndani ya HTML kama nazi ndani ya wali. Kazi ikawa rahisi, ila mchoraji wa ukurasa akifungua faili anakuta vurugu. Akifuta alama moja tu, tovuti inaanguka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Zope wakaja na njia nyingine. Ukurasa ubaki HTML ya kawaida, na maagizo ya seva yaandikwe kama atributi, kwa mfano tal:content. Wicket ya Java ilipoanza 2004 ikatumia wicket:id. Siri yake ni nyepesi: kivinjari kikikutana na atributi kisichoijua hakilalamiki, kinairuka. Mchoraji anaona ukurasa wake, seva inaona maagizo yake.

Sasa turudi Pwani. Muuguzi wa zahanati alikuwa anahesabu wagonjwa kwenye rejista, kisha anajaza fomu za karatasi za mwezi kama MOH 705 na MOH 711. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Miaka miwili baadaye Wizara ya Afya ikaijaribu DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, katika Mkoa wa Pwani, ambao Kwale ilikuwa sehemu yake. Badala ya kuweka seva kila wilaya, iliwekwa moja ya taifa, na watu wakaifikia kwa modemu za simu. Kufikia Septemba 2011 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima.

Hapa ndipo atributi inaingia. DHIS2 inakuruhusu kuchora fomu yako kwa HTML tupu, ifanane na karatasi ile ile aliyoizoea muuguzi. Kila kisanduku kinapewa id ya namna hii:

<input id="kipimo-mgawanyo-val">

Sehemu ya kwanza ni kitambulisho cha kinachohesabiwa, tuseme wagonjwa wa malaria. Ya pili ni mgawanyo, kama umri. Seva inaisoma HTML hiyo, inavitambua visanduku kwa id zake, inaviandaa, na takwimu zilizohifadhiwa zinajazwa mahali pake. Ukiandika namba na kuhamia kisanduku kingine, ile ya kwanza inahifadhiwa peke yake na kisanduku kinageuka kijani. Mtandao ukikatika, kivinjari kinaweka namba hizo ndani yake mpaka urudi.

Faida ni kubwa. Wizara ikibadilisha fomu, mtu wa takwimu anayejua HTML kidogo anairekebisha bila kugusa Java hata mstari mmoja. Fomu imekuwa mali ya watu wa afya.

Lakini hatari yake ipo pale pale. Macho ya binadamu yanasoma maandishi yaliyo kando ya kisanduku, seva inasoma id. Ukinakili kisanduku cha watoto chini ya miaka 5, ukakibandika kwenye safu ya watu wazima na kusahau kubadilisha id, ukurasa utaonekana mzuri kabisa. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Ila namba za watu wazima zitahesabiwa kuwa za watoto, na takwimu hizo ndizo zinazotumika kupanga dawa. Kwa hiyo fomu mpya usiikague kwa macho. Jaza namba tofauti kila kisanduku, kisha toa ripoti uone zimetua wapi.

Wazo hili halijazeeka. Mwaka 2020 ilitoka htmx ya Carson Gross, ambapo atributi kama hx-get inaomba kipande cha HTML kutoka kwenye seva bila kupakia ukurasa wote. Vijana wanaishangilia kama kitu kipya. Mimi naona ni mjukuu wa familia ile ile, na ushauri wangu kwao ni ule ule: chochote ulichokificha ndani ya tagi, kijaribu kama mtu asiyeamini anachokiona.

Haya, tuonane tena, Mungu akipenda.