Haki za mnunuzi wa kifaa kipya cha umeme kinachoharibika (Njombe na Makambako)

Haki za mnunuzi wa kifaa kipya kibovu ni madai ambayo sheria za Tanzania Bara zinampa mtu aliyenunua friji, runinga, pasi au kifaa kingine kipya cha nyumbani, kikaharibika bila kosa lake. Chimbuko la madai hayo ni sheria mbili: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 (Sura ya 285). Zote mbili zinamtaja kwanza muuzaji, yaani mwenye duka aliyepokea fedha. Jambo hili ni muhimu katika miji kama Njombe na Makambako, ambako karibu kila mnunuzi anayelalamika huambiwa kwamba mwenye mzigo yuko Dar es Salaam.

Mazingira ya biashara

Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Makambako ni mji wa njiapanda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni mjini. Njombe iko kilomita zipatazo 60 kusini mwake, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000. Fedha za viazi, mbao, chai na parachichi ndizo zinazonunua vifaa vingi vya ndani.

Soko limekua pamoja na nyaya za umeme. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na kwa miaka mingi mwanakijiji aliunganishiwa umeme kwa Sh 27,000. Njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilomita zipatazo 250, ilizinduliwa mwaka 2019 na kuingiza Ruvuma kwenye Gridi ya Taifa. Duka la Makambako sasa linahudumia hata wateja wa vijiji ambavyo miaka michache nyuma havikuwa na nguzo hata moja.

Bidhaa nyingi hutoka soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kwa malori au kwa mabasi ya abiria. Dukani, ununuzi wa runinga hufuata utaratibu uliozoeleka. Boksi hufunguliwa juu ya kaunta, runinga ikachomekwa, mnunuzi akaangalia picha na kusikiliza sauti, kadi ya waranti ikagongwa mhuri, kisha boksi likafungwa upya kwa gundi ya karatasi. Friji haipimwi hivyo. Huwashwa kidogo taa ionekane, halafu hupakiwa kwenye kirikuu, mara nyingi ikiwa imelazwa. Friji iliyolazwa inatakiwa isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili oili irudi kwenye kompresa. Muuzaji mwadilifu humwambia mnunuzi jambo hilo kabla gari halijaondoka.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa

Sheria hii ilirithiwa kutoka utawala wa Waingereza na inafuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kanuni ya msingi katika sheria hiyo ni kwamba mnunuzi ajiangalie mwenyewe, lakini imewekewa masharti ambayo yamo ndani ya kila mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka. Bidhaa lazima ilingane na maelezo yake: runinga iliyoandikwa inchi 43 iwe ya inchi 43. Muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo lazima atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Na mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, bidhaa lazima ifae kwa matumizi hayo. Haijalishi kama muuzaji alijua kasoro au hakujua. Mwenye duka aliyepokea boksi likiwa limefungwa kutoka Kariakoo anawajibika sawa na aliyejua kwamba ndani yake kuna kifaa kibovu.

Kesi inayofundishwa sana kuhusu sharti la kufaa ni ya Uingereza, Priest v Last ya mwaka 1903. Mtu alinunua kwa mwenye duka la dawa chupa ya mpira ya maji ya moto. Siku chache baadaye ilipasuka na kumuunguza mkewe. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba chupa ya namna hiyo ina kazi moja inayojulikana, hivyo kuiomba tu kwa jina lake kulitosha kumjulisha muuzaji matumizi yake. Hali ni hiyo hiyo kwa hita ya maji inayouzwa Njombe mwezi Julai.

Utaratibu wa kupima dukani una matokeo ya kisheria ambayo wanunuzi wengi hawayajui. Mnunuzi aliyekagua kifaa hawezi baadaye kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kioo chenye ufa kilichoonekana na kila mtu kaunta ni mfano wake. Kasoro iliyojificha, kama kompresa inayokufa baada ya wiki tatu au waya wa ndani uliounganishwa vibaya, inabaki mikononi mwa muuzaji.

Muda nao una uzito. Sheria inampa mnunuzi nafasi ya kutosha kukagua bidhaa, lakini akikaa nayo bila kusema lolote kwa muda unaozidi ule wa kawaida, huhesabiwa kuwa ameikubali. Baada ya hapo kudai fedha yote irudi huwa kugumu, na kinachobaki ni fidia, kwa mfano gharama ya matengenezo. Ukomo wa kufungua shauri la mkataba chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 ni miaka 6. Kwa hiyo waranti ya mwaka mmoja ikiisha, madai hayafi siku hiyo, ingawa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo kunazidi kuwa kugumu.

Sheria ya Ushindani

Sheria ya mwaka 2003 ndiyo iliyomtambua mlaji kama mlaji. Imemlenga anayenunua si kwa ajili ya kuuza tena wala kuzalishia bidhaa za kuuza. Inakataza udanganyifu kuhusu ubora, asili na bei, inaweka masharti ya lazima katika mikataba ya walaji, na inamgusa mtengenezaji moja kwa moja. Tofauti yake kubwa na sheria ya zamani ni kwamba masharti hayo hayafutwi kwa maandishi ya muuzaji. Kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi", ambacho bado kinaonekana ukutani na chini ya risiti, hakina nguvu juu ya kifaa chenye kasoro. Kinachoweza kukataliwa ni kurudisha kifaa kizima kwa sababu mnunuzi amebadili mawazo kuhusu rangi au ukubwa.

Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia. Viwango viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na kupewa sheria mpya mwaka 2009.

Zanzibar ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka 2018.

Waranti

Waranti ni ahadi ya ziada ya mtengenezaji au muuzaji. Haichukui nafasi ya sheria. Kadi hubeba namba ya kifaa, tarehe na mhuri wa duka, na kadi isiyo na mhuri mara nyingi hukataliwa. Sababu za kukataa zinazojirudia ni tatu: kifaa kimeunguzwa na umeme, kimeingia maji, au kimefunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Hii ya tatu ndiyo inayowaumiza wengi. Fundi wa mtaani yuko karibu na anaaminika, lakini akishakata stika ya nyuma ya runinga, muuzaji amepata jibu.

Vituo vya huduma vya kampuni kubwa viko mbali, na duka mara nyingi humtaka mnunuzi alipie nauli ya kusafirisha kifaa. Ikiwa kasoro ni ya kifaa, mzigo huo ni wa muuzaji kwa haki, na mnunuzi ana sababu ya kuudai kama sehemu ya hasara yake.

Friji na baridi ya Njombe

Lalamiko moja la nyanda za juu linastahili maelezo ya peke yake. Friji mpya yenye friza juu inafanya kazi vizuri Machi, kisha Juni na Julai nyama inaanza kuyeyuka. Mnunuzi anaona gesi imeisha. Mara nyingi gesi ipo. Friji nyingi za bei ya kawaida zina kidhibiti joto kimoja tu, kilicho kwenye sehemu ya chini. Chumba kikiwa na baridi, kidhibiti hicho huona ubaridi unatosha, kompresa hupumzika muda mrefu, na friza hukosa zamu yake. Lebo ya ndani huonyesha daraja la hali ya hewa: T na ST ni za mazingira ya kuanzia nyuzi 16 za Selsiasi, SN kuanzia nyuzi 10. Wakati wa baridi, usiku wa Njombe hushuka chini ya viwango hivyo vyote viwili.

Kifaa kama hicho hakina kasoro ya kiwandani, lakini kinaweza kuwa hakifai kwa matumizi yaliyoelezwa. Mwenye duka wa Njombe anaijua baridi ya mji wake. Mnunuzi aliyemwambia kwamba anataka friza ya kuhifadhi nyama mwaka mzima ana hoja nzito kuliko aliyechagua mwenyewe kwa kuangalia bei.

Umeme mdogo na umeme mkubwa

Volti rasmi ni 230. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kompresa na kadi za runinga huungua. Hapo muuzaji hahusiki. Mnunuzi hupeleka lalamiko kwa shirika la umeme, TANESCO, na asiporidhika huenda kwa mdhibiti wa huduma hiyo, EWURA. Stebilaiza au friji gadi husaidia kulinda kifaa, na pia huondoa kisingizio cha muuzaji anayetupia lawama umeme kwa kila kitu.

Njia za kudai

Hatua ya kwanza ni duka lenyewe, na migogoro mingi huishia hapo kwa kifaa kubadilishwa au kutengenezwa. Lalamiko linaweza pia kupelekwa FCC, lakini ofisi yake ya kanda kwa Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, zaidi ya kilomita 150 kutoka Makambako, umbali unaotosha kumkatisha tamaa mtu anayedai pasi ya elfu arobaini. Mahakama ya Mwanzo iko karibu zaidi: inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi Sh milioni 30, kwa Kiswahili, na mdai anaweza kusimama bila wakili. Ushahidi unaohitajika ni risiti, kadi ya waranti, maelezo ya fundi na ujumbe wa malipo ya simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki.

Makete na Ludewa

Katika wilaya hizi za Mkoa wa Njombe hakuna utaratibu tofauti. Wanunuzi wengi wa huko hununua Njombe au Makambako.

Hali ya sasa

Mashine za kielektroniki za kutolea risiti (EFD), zilizoanza kutumika mwaka 2010, zimewapa wanunuzi risiti yenye tarehe na jina la duka. Hata hivyo risiti ya mkono bado imeenea, na mara nyingi imeandikwa "TV 1" bila namba wala chapa. Karatasi ya namna hiyo haimsaidii mtu mbele ya hakimu. Anayenunua kifaa aombe risiti yenye jina la duka, tarehe, chapa na namba ya kifaa kabla hajatoa fedha, na kikiharibika akirudishe mapema kabla hakijafunguliwa na fundi yeyote.