Kusaka metali mahali pa umma: Jua sheria kabla ya kuchimba

Kifaa cha kutambua metali, kama kile ambacho mabawabu hukipitisha mwilini mwa wageni kwenye milango ya maduka makubwa, hakiko tena mikononi mwa walinzi pekee. Wapo wanaokitumia kusaka dhahabu, sarafu na vito ufuoni, katika bustani na kandokando ya magofu ya kale. Wengi huamini kwamba mahali pa umma hapana mwenyewe, na hivyo anayeokota ndiye mmiliki. Sheria ya Kenya haisemi hivyo.

Ardhi ina mwenyewe

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinataja ardhi ya umma. Miongoni mwayo ni eneo lote kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa, pamoja na madini yote. Ardhi hiyo hushikiliwa na serikali ya kitaifa au ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Kwa hivyo, ruhusa ya kutembea mahali si ruhusa ya kupachimba. Naye anayesaka dhahabu anahitaji kibali chini ya Sheria ya Madini ya 2016, hata akiwa mchimbaji mdogo.

Vitu vya kale

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Kikiwa kingali ardhini, ni mali ya Serikali. Kukisaka kwa kuchimba, au hata kwa kupekua juu ya ardhi, kunahitaji leseni. Aliyekigundua kwa bahati anatakiwa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku 7, na kueleza mahali hasa alipokipata. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Masharti hayo yana sababu. Mwaka wa 2013, watafiti walitangaza kwamba wamepata katika kisiwa cha Manda, Lamu, sarafu ya Kichina iliyotolewa enzi ya Mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Thamani yake haikuwa katika shaba na fedha iliyoundiwa. Ilikuwa katika kujulikana ilipolala, na jinsi inavyothibitisha biashara ya Waswahili na mataifa ya mbali. Lau ingefukuliwa usiku na kuuzwa kichochoroni, ingebaki kipande cha metali tu.

Vilivyopotea majuzi

Pete au saa iliyoanguka mchangani haijamtoka mwenyewe. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda mwokotaji iwapo tu hamjui mwenye mali na ana sababu za kutosha kuamini kwamba hawezi kupatikana. Pete yenye majina yaliyochongwa ndani haimpi kisingizio hicho. Njia salama ni kuipeleka katika kituo cha polisi na kuhakikisha imeandikishwa.

Hatari iliyofukiwa

Kifaa hiki hakitofautishi sarafu na bomu. Katika maeneo ya Archer's Post na Dol Dol, ambako wanajeshi hufanyia mazoezi, mabomu yaliyosalia yamewaua na kuwalemaza wafugaji na watoto. Mwaka wa 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa waathiriwa fidia ya pauni milioni 4.5. Ukikuta chuma usichokitambua, usikiguse wala kukipiga. Weka alama kwa mbali, waondoe watu, kisha uarifu polisi.

Anayetaka kusaka na apate kwanza idhini ya maandishi kutoka kwa msimamizi wa eneo, aepuke magofu na makaburi, na afukie kila shimo. Kutomwona mwenye mali hakumaanishi kwamba hayupo.