Stelingi wa Buja na wale dada wawili

Jamani, hapa Zone Industrielle tukiangalia filamu kila mtu macho kwa stelingi. Sasa chukua Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Stelingi ni Joseph Kumbela: Gito karudi toka Paris na diploma, anangoja uwaziri, haupati. Yeye anangoja tu. Wanaoisukuma hadithi ni wapenzi wake wawili, Flora na Christine. Wakigundua amewachezea wote, hawapigani wao kwa wao, wanaungana kumkomesha! Flora ni Aoua Sangaré wa Mali, yule wa Yeelen (1987). Kwangu mimi filamu ni yake. Na Buja inayoonekana mle ni ya kabla ya vita ya 1993.