Servo ya Mzunguko Mfululizo

Mwanafunzi wa Nanyamba anayejenga roboti ya magurudumu mawili kwa kawaida huagiza vipuri Dar es Salaam. Anapiga simu, analipa kwa simu, na mzigo unapanda basi la Mtwara. Muuzaji humuuliza swali fupi: unataka servo ya 180 au ya 360? Swali hilo lina kasoro, na anayeilipia kasoro hiyo ni mnunuzi, maana kurudisha kifaa kutoka Uwanda wa Makonde ni nauli juu ya nauli. Namba 360 hutajwa kwa vifaa viwili visivyofanana kazi. Kimoja hugeuka hadi nyuzi yoyote kati ya 0 na 360 na kusimama hapo ulipokiamuru. Kingine huzunguka, na kuzunguka tena, bila kujua kimefika nyuzi ya ngapi. Gurudumu linataka hicho cha pili.

Neno servo lenyewe lilianza melini. Mhandisi Mfaransa Joseph Farcot alibuni usukani wa meli unaosukumwa na mvuke, ambao ulifuata kila mkono wa nahodha ulipoelekea, na mwaka 1873 akachapisha kitabu akiita mtambo huo servo-moteur, yaani mota iliyotiishwa. Mzizi wake ni Kilatini servus, mtumwa. Wapo waliojaribu kuiita kwa Kiswahili mota tumishi au mota tiifu. Mimi naliacha neno servo kama lilivyo. Linaishia kwa irabu, linakaa vizuri katika ngeli ya redio na kompyuta, na mafundi wameshalizoea: servo hii imeungua, servo zile zimefika.

Fungua servo ndogo ya plastiki kwa bisibisi uone utii huo unatoka wapi. Ukitoa skrubu nne ndefu za chini na kunyanyua kifuniko cha juu, unakuta gia nyeupe za nailoni zimepandana, mota ndogo ya umeme wa betri, kibao cha saketi, na potenshiomita, kifaa kilekile kilicho chini ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Ekseli ya mwisho inapogeuka, inaigeuza na potenshiomita, na saketi husoma ukinzani wake ili kujua ekseli iko wapi. Amri hufika kwa waya wa tatu kama mpigo wa umeme, takriban mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.5 unasema kaa katikati. Wa 1 unasema nenda mwisho wa upande mmoja, na wa 2 mwisho wa upande wa pili. Saketi inalinganisha ilichoamriwa na ilichosoma, kisha inaiendesha mota hadi tofauti iishe.

Sasa ondoa potenshiomita, lehemu mahali pake vikinza viwili vilivyo sawa, na ukate kile kipande cha plastiki kinachoizuia gia ya mwisho isipite. Saketi itaamini daima kwamba ekseli iko katikati. Ukiipa mpigo wa milisekunde 1.7, inaona tofauti isiyokwisha, na mota inazunguka bila kufika. Hivyo ndivyo wapenzi wa roboti walivyozigeuza servo za kawaida kabla viwanda havijaanza kuziuza zikiwa tayari. Mpigo uleule uliokuwa unaamuru nyuzi sasa unaamuru kasi na upande wa kuzunguka.

Hapa ndipo tafsiri ya Kiingereza continuous rotation inahitaji uangalifu. Nimeona watu wakiandika mzunguko endelevu. Endelevu Mtanzania analijua katika kilimo endelevu na uvuvi endelevu: jambo linalodumu bila kuharibu rasilimali. Akisoma servo endelevu atadhani inabana matumizi ya betri. Mzunguko usiokoma nao unadanganya, kwa kuwa servo hii hukoma vizuri kabisa ikiamriwa, na kusimama ni nusu ya kazi ya roboti. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, tunaelewa imefuata siku kwa siku bila kukatika, na bado tunajua itaanua. Ndiyo maana nachagua servo ya mzunguko mfululizo.

Kasi nayo ipachikwe mahali pake. Kwa servo ya nyuzi, kasi hupimwa kwa muda wa kugeuka nyuzi 60. Ikiandikwa sekunde 0.1, ina maana ingeweza kumaliza mzunguko mzima kwa sekunde 0.6, sawa na mizunguko 100 kwa dakika, kama isingezuiwa njiani. Kwa servo ya mzunguko mfululizo kinachoandikwa ni mizunguko kwa dakika moja kwa moja. Kiswahili kinatupa njia safi ya kutofautisha: servo ya kasi ni ile inayowahi kufika nyuzi yake, servo ya mzunguko mfululizo wa kasi ni ile inayokimbiza gurudumu. Herufi moja, ya au wa, inampa muuzaji agizo sahihi.

Chukua FEETECH FS90R, servo ya gramu 9 ambayo kwa volti 6 hufika mizunguko 130 hivi kwa dakika ikiwa haina mzigo. Gurudumu la kipenyo cha milimita 60 lina mzingo wa milimita 188, hivyo roboti itakwenda kama sentimita 40 kwa sekunde. Kwenye baraza la saruji hiyo ni kasi ya kufurahisha. Servo ya ukubwa wa kawaida yenye mizunguko 50 ingekwenda sentimita 16 tu. Lakini soma pia nguvu ya kusokota: FS90R ina kilo-sentimita 1.5, yaani inaweza kushikilia kilo 1.5 iliyoning'inia sentimita moja kutoka ekseli. Ukingo wa gurudumu letu uko sentimita 3 kutoka hapo, basi inabaki nusu kilo, na hiyo ni wakati gurudumu limeshakwama. Chini ya mikorosho ya Nanyamba, ambako mchanga ni laini na majani makavu yanasukumwa mbele, nisingechagua kasi kubwa. Ningechukua servo ya polepole yenye nguvu, au nipunguze gurudumu, maana gurudumu kubwa huongeza mwendo na papo hapo hula msukumo.

Betri za simu zilizotolewa kwenye simu mbovu, ambazo vijana hupenda kuzitumia, zina volti 3.7, na servo nyingi za aina hii zinataka 4.8 hadi 6. Namba hizo mbili zina asili yake: seli nne za kuchaji za volti 1.2 zinatoa 4.8, na seli nne za kawaida za 1.5 zinatoa 6. Servo iliyokwama huvuta umeme mwingi, kwa hiyo ipewe betri yake, na waya wake hasi uunganishwe na ule wa Arduino, kibao kinachotoa amri.

Mzigo ukifika, jaribu kabla ya kufunga gurudumu. Maktaba ya servo ya Arduino bado inazungumza kwa nyuzi: 90 maana yake simama, 0 na 180 maana yake kasi kamili kila upande. Tena 90 hiyo, usipobadilisha mipaka yake, hutoa mpigo wa maikrosekunde 1472, siyo 1500, na servo inaweza kujongea taratibu huku programu ikisema imesimama. Toa amri kwa maikrosekunde, andika 1500, kisha geuza kwa bisibisi ndogo ile skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye ganda hadi ekseli itulie kabisa. Ikitulia, weka tone la gundi juu ya skrubu isilegee kwa mtikisiko.