Anzia Sokoni: Urembo wa Pwani kama Historia

Vitabu vya kuwaongoza watalii wanaokwenda Zanzibar, Lamu na Mombasa vina mpangilio unaofanana. Huanza na ngome, hufuata kasri, kisha misikiti na milango ya kuchonga. Mwisho kabisa, nafasi ikibaki, huja ukurasa wa manunuzi, na humo udi, hina, marashi na wanja hutajwa pamoja na vinyago na vifurushi vya viungo. Mgeni anayefuata mpangilio huo huondoka akiamini kwamba historia imo ndani ya mawe, na kwamba vitu vya urembo ni zawadi za kuwapelekea ndugu. Nadhani mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Biashara ya urembo ni miongoni mwa biashara kongwe za Pwani na ingali hai, ilhali kasri nyingi zimebaki magofu au makumbusho. Zaidi ya hayo, ndiyo inayotuonyesha watu ambao majengo hayasemi habari zao: wanawake, mafundi wa nyumbani na waliokuwa watumwa.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani sana. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyefika kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, alieleza kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilipitia Oman kwenda India na China, na aliisifu pia ambari ya pwani hiyo. Ambari hutoka kwa nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi, na kwa karne nyingi ndiyo iliyowawezesha watengenezaji wa manukato kuifanya harufu idumu. Kwa hiyo miaka zaidi ya elfu moja iliyopita Pwani ilikuwa tayari imo katika biashara ya manukato ya dunia. Tena haikuwa muuzaji tu. Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Kilwa, alikaribishwa kwa tambuu na kumwagiwa marashi ya waridi ya Dameshki. Anayemmwagia mgeni marashi ya Dameshki ni mtu anayejua bidhaa bora ni ipi na ana uwezo wa kuinunua. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wanathibitisha. Huko Gede, karibu na Malindi, nyumba zilizofukuliwa chini ya usimamizi wa James Kirkman kuanzia 1948 zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: iko nyumba ya mkasi, iko nyumba ya ushanga wa Venice, na iko nyumba ya kisanduku cha pembe. Kilwa Kisiwani nako zilipatikana njiti za shaba za kupakia wanja. Katika mji ambao kuta zake zimeanguka, kijiti cha wanja bado kinatuambia kwamba humo aliishi mtu aliyejitazama, akajipamba, akatoka.

Tukivitazama vitu vyenyewe, kila kimoja kina safari yake. Udi ni mti wa misitu ya Assam, Kambodia na visiwa vya Indonesia. Ubani bora ni wa Dhofar, kusini mwa Oman, na mwingine ni wa Somalia. Sandali ya sifa ilitoka kusini mwa India. Bidhaa hizi zililetwa na majahazi wakati wa kaskazi, na majahazi hayo hayo yakarudi wakati wa kusi yakiwa na boriti, pembe na baadaye karafuu. Lakini ni kosa kudhani kwamba Pwani ilipokea tu na kutumia. Ilichanganya, ikabuni. Singo ya harusi, inayoungwa kwa maua ya asumini, waridi, langilangi na mkadi pamoja na liwa na viungo, ni kazi ya mikono ya Pwani. Udi wa kuunga, unaopikwa kwa sukari na manukato, ni elimu ya jikoni inayotoka kwa mama kwenda kwa binti, na kila nyumba ina siri yake ya vipimo. Kikuba cha asumini na rehani kinachopachikwa kwenye nywele au kifuani hakikuja na jahazi lolote. Kinafungwa jioni na kuvaliwa usiku huo huo, maana kesho yake kitakuwa kimenyauka.

Mfano wa liwa unatufikisha mbali zaidi. Desturi ya kusaga mti wa harufu juu ya jiwe kwa maji, kisha kujipaka usoni, haiko Zanzibar na Lamu peke yake. Wanawake wa Komoro na Mayotte wanayo na wanaiita msindzano. Wanawake wa Kimakua wa kisiwa cha Msumbiji wanayo, nao hutumia mti wao wa mussiro. Pwani ya kaskazini-magharibi ya Madagascar inayo kwa jina la masonjoany. Miti inatofautiana, majina yanatofautiana, jiwe na mkono ni vile vile. Historia ya kawaida ya Bahari ya Hindi husimuliwa kwa majina ya manahodha na masultani, na yote ni ya wanaume. Uso uliopakwa liwa kutoka Lamu hadi Msumbiji ni ushahidi kwamba palikuwa na ujuzi mwingine uliosafiri, nao ulibebwa na wanawake: walioolewa visiwani, waliohama na jamaa zao, na waliochukuliwa kwa nguvu.

Wanawake wa Pwani hawakukaa kimya hata katika maandishi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu aliandika utendi wa kumwusia binti yake, na katika wosia huo kufukiza udi, kuvaa vito na kupaka wanja na hina vimewekwa pamoja na ibada, adabu na heshima ya nyumba. Hakuviona kuwa mambo madogo. Mwaka 1886 Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyekuwa akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo pia manukato, maua na mavazi ya wanawake wa kasri yameelezwa kwa makini. Tuyalinganishe na maandishi ya makonsuli wa Ulaya na Marekani wa karne hiyo hiyo, waliohesabu pembe, karafuu na mizigo ya forodhani. Hesabu zao zinatusaidia kuijua bandari. Maandishi ya wanawake wawili hawa yanatuingiza ndani ya nyumba, mahali ambapo bidhaa za bandari zilipata maana yake. Anayetaka kuijua Pwani anahitaji yote mawili, na hadi leo tumezoea kusoma upande mmoja.

Hapa pana pingamizi nzito, na haifai kupitwa haraka. Mtu anaweza kusema kwamba urembo huu ulikuwa wa mabwana, na kwamba kusifu harufu ya kasri ni kusahau jasho la mashamba. Ni kweli kwamba utajiri wa Zanzibar ya karne ya 19 ulitokana na biashara ya watumwa na mashamba ya mikarafuu waliyolimishwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Kianglikana la Mkunazini lilijengwa mahali hapo hapo. Mgeni asiyefika Mkunazini hajaiona Zanzibar. Lakini historia ya urembo haikuishia katika vyumba vya mabibi. Utumwa ulipokuwapo, mtumwa alijulikana kwa nguo yake: merikani isiyo na rangi, au kaniki nyeusi. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokombolewa walianza kuvaa walichokatazwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar ya baada ya ukombozi, ameonyesha jinsi kanga na baadaye buibui vilivyokuwa njia ya wanawake hao kudai nafasi yao mjini. Ni miaka hiyo hiyo biashara ya leso, yaani kanga, ilipokuwa ikikua Mombasa, ambako duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887. Kwa mwanamke aliyeuzwa jana, kuvaa kanga mpya, kupaka hina na kunukia udi kulikuwa tamko la uhuru, na kila aliyepishana naye njiani alilielewa. Kwa hiyo pingamizi hii inaipa hoja nguvu. Tukiuacha urembo kwa sababu mabwana waliupenda, tutakuwa tumewafuta kwa mara ya pili waliouchukua kutoka mikononi mwao.

Pingamizi ya pili inahusu siku hizi. Wapo wanaosema kwamba maduka ya Darajani, soko la mjini Zanzibar lililojengwa mwaka 1904, yamejaa chupa za Dubai na vipodozi vya viwandani, na kwamba hapana tena urithi wa kutazamwa. Hoja hii inasahau kwamba udi haujawahi kuwa wa Zanzibar, wala marashi ya Dameshki hayakuota Mogadishu. Bidhaa kutoka nje ndiyo kawaida ya soko la Pwani tangu lilipoanza, na Dubai imechukua tu zamu iliyokuwa ya bandari nyingine. Kilichokuwa cha Pwani ni namna ya kuchagua, kuunga na kutumia, na hiyo haijafa. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifika duniani kwa taarabu, lakini kwa watu wa Zanzibar alikuwa pia kungwi na mjuzi wa hina na wanja. Pemba kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu, karibu na Chake Chake. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta ya langilangi, ua ambalo harufu yake imo katika Chanel No. 5 iliyotoka Paris mwaka 1921. Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, ambako kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza mwaka 1989, vipo vikundi vya wanawake wanaougeuza mwani kuwa sabuni na mafuta ya ngozi badala ya kuuza magunia ya mwani mkavu kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo swali la kihistoria linapokuwa swali la uchumi: kwa karne nyingi Pwani imeuza malighafi ya urembo kwa bei ndogo na kununua chupa kwa bei kubwa. Mnunuzi anayechagua sabuni ya mwani ya Paje analigusa swali hilo kwa mfuko wake.

Haifai, hata hivyo, kusifu kila kinachouzwa kwa jina la urembo. Piko, rangi nyeusi ya nywele ambayo hutumiwa kuwachorea watalii ufukweni kama hina, ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha makovu. Hina halisi huacha rangi ya kahawia au nyekundu, na huhitaji muda kukolea. Mkorogo wa kujichubua ni janga kubwa zaidi. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinapenya madukani. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, na kwa watoto ni hatari. Mazingira nayo yana madai yake. Gamba la kasa limetajwa katika Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, kuwa bidhaa ya Rhapta, bandari ya kale ya Pwani. Leo ng'amba yuko hatarini kutoweka, na biashara ya kimataifa ya gamba lake imekatazwa. Msandali wa Afrika Mashariki umekatwa ovyo hadi ukaingizwa mwaka 2013 katika orodha ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Mambo haya hayapunguzi thamani ya urithi. Yanatukumbusha kwamba urithi hutaka kuchujwa, na kwamba mabibi waliotuachia singo na liwa walijua walichokitia ndani yake, ilhali mwenye kununua kopo lisilo na maelezo hajui.

Kwa hiyo, kwa msafiri anayepanga safari ya Pwani, ushauri wangu ni huu. Anza Darajani asubuhi, uliza udi umetoka wapi na wa kuunga unapikwaje, na usione haya kuuliza kilichomo ndani ya singo kabla ya kulipa. Kisha nenda kasri ya Beit al-Sahel, ambamo makumbusho yalitenga chumba kwa kumbukumbu ya Salme, na toka hapo uende Mkunazini. Ukiwa Mombasa pita barabara ya Biashara kwenye kanga, na ukielekea Malindi usiache Gede. Hina ipakwe na mwenyeji anayeisaga mwenyewe, sabuni inunuliwe kwa aliyeitengeneza, na gamba la kasa liachwe lilipo. Na kwa wanaosimamia makumbusho yetu kuna ombi moja: wekeni chetezo, mrashi, jiwe la liwa na kijiti cha wanja mahali pa mbele, pamoja na maelezo ya waliovitumia na waliovitengeneza. Wazee wanaojua vipimo vya singo na udi wa kuunga bado wapo. Waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe.