Ukame na Njaa katika Nchi ya Wazigua

Nyanda zinazoanzia kingo za mto Pangani huko Korogwe na kuelekea kusini hadi Handeni ni sehemu ya nchi ya asili ya Wazigua, na katika historia yake ya karne mbili zilizopita njaa imejirudia mara nyingi. Mvua za vuli na za masika, ambazo wakulima huzitegemea, hupungua au hukosekana bila kutabirika, hata wengi wakazoea kuiona njaa ya Handeni kuwa ni kudura, yaani jambo lililokwisha kupangwa ambalo binadamu hana namna ya kulikwepa. Historia ya eneo hili, hata hivyo, hutenganisha mambo mawili: ukame, ambao hakuna aliyewahi kuuzuia, na njaa, ambayo kila mara ilitegemea nani ana akiba, nani anaigawa na nani ameichukua.

Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliwasukuma Wazigua wengi kuteremka pwani kutafuta chakula. Baadhi yao walijiweka rehani, maana yake walikubali kumtumikia mtu hadi deni lilipwe, na wengine walihadaiwa kwa ahadi ya kazi, kisha wakapakiwa majahazini na kuuzwa kama watumwa katika pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia. Kuanzia miaka ya 1840 watoro kutoka mashamba ya bonde la Shabelle walijenga vijiji katika misitu ya mto Juba, na humo wazao wao wakaihifadhi lugha ya Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwafanya baadhi yao kukimbilia Handeni, ambako walihifadhiwa Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Ukame uliwatoa mababu zao majumbani, lakini kilichowatia utumwani ni soko la watu.

Wenyeji hawakuwa wanyonge mbele ya ukame. Walilima mtama, unaostahimili jua kuliko mahindi, na mahindi ya akiba na ya mbegu waliyaweka darini juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Mavuno yalipokosekana walichimba ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, ambacho humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwa siku kadhaa katika maji yanayotiririka, kisha huanikwa na kutwangwa kuwa unga. Juu ya juhudi hizo za kaya kulikuwa na wajibu wa wakubwa: mwanahistoria James Giblin, aliyeichunguza Uzigua ya kati ya 1840 na 1940, ameonyesha kwamba viongozi waliopokea ushuru na kushiriki biashara ya misafara walitarajiwa kuwalisha wafuasi wao wakati wa dhiki.

Utawala wa Wajerumani uliivunja kinga hiyo wakati ilipohitajika zaidi. Katika miaka ya 1890 sotoka, maradhi yanayoua ng'ombe kwa wingi, ilifuatwa na nzige na ukame, na mwaka 1898 ikaongezwa kodi ya nyumba, iliyowalazimu watu kuuza chakula au nguvu zao ili kupata fedha. Viongozi walionyang'anywa mapato yao hawakuweza tena kutimiza wajibu wao. Reli kutoka Tanga, iliyofika Muheza mwaka 1896, ilikwama kwa kukosa fedha na haikuingia Korogwe hadi 1902, njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ikiwa imekwisha kuua na kutawanya watu. Mashamba yaliyoachwa yalimezwa na vichaka, mbung'o wakaenea humo, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza ukazidi kuifanya mifugo, iliyokuwa akiba nyingine ya kaya, kuwa haba.

Mkonge uliostawi kando ya reli uliipatia Korogwe ajira na soko, ilhali Handeni, iliyoko mbali na reli na mto, ilibaki ikitegemea mvua. Tofauti hiyo ilianza kushughulikiwa katika miaka ya 1970, ulipojengwa mradi unaojulikana kama HTM, unaochota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mabomba hadi Handeni. Mradi huo haukumaliza shida ya maji, lakini ulithibitisha kwamba ukavu wa Handeni si hukumu isiyo na rufaa. Ukame utakuja tena Uzigua, maana ndiyo tabia ya nchi. Lakini kuitaja njaa kuwa haiepukiki ni kuwasamehe mapema wenye dhamana ya kuweka akiba, kuigawa kwa haki na kuyafikisha maji kwa wananchi, na historia ya Wazigua haitoi msamaha huo.