Namna wakaaji wa Nairobi walipigania miti ya muji wao, kutoka Uhuru Park mupaka pori la Karura

Mwezi wa 11 mwaka 2020, watu wa Nairobi walizungumuza siku nyingi juu ya muti mumoja. Ulikuwa mugumo, muti mukubwa wa jamaa ya fikusi, urefu wake sawa na nyumba ya etaje ine, na ilisemwa kama umefikisha miaka karibu 100. Unasimama pembeni ya barabara Waiyaki Way, ku kartie ya Westlands, mahali kompani ya China ilikuwa inajenga barabara mupya ya kilometa 27 yenye kupita katikati ya muji. Mupango ulikuwa kuungoa na kuupeleka kupandwa fasi ingine. Watetezi wa mazingira walikataa. Tarehe 11 mwezi huo, mukubwa wa ofisi iliyokuwa inasimamia kazi za muji alifika na kusoma pale pale uamuzi wa Rais Uhuru Kenyatta: muti ubaki, mutu asiuguse.

Kwa Wakikuyu mugumo ni muti mutakatifu, chini yake wazee walikuwa wanaomba na kutoa sadaka. Wasemaji wa Kinyarwanda wa huku Rutshuru na Masisi wanajua ndugu yake, umuvumu, wenye ulikuwa unapandwa kwenye nyumba za wakubwa wa zamani. Kwa hiyo si vigumu kuelewa ginsi watu walikasirika. Lakini kuko pia wenye walicheka kwa uchungu, sababu barabara ile ile ilikwisha kukatisha miti mingi mingine pembeni ya njia, na hakuna Rais aliyeisomea uamuzi.

Serkali ya Kenya haikuwa na desturi ya kurudi nyuma upesi namna hiyo juu ya muti. Kuko historia ya miaka 30 nyuma yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapita kwa mwanamuke mumoja na wenzake.

Jengo la etaje 60

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 kule Nyeri. Alisoma Marekani, kiisha akafundisha elimu ya miili ya wanyama ku iniversite ya Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha shirika Green Belt Movement, ambalo lilikuwa linalipa wamama wa vijijini kitu kidogo kwa kila muche wenye kushika udongo na kuishi. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kuni na udongo, haikuwa siasa.

Siasa ilikuja mwaka 1989. Katikati ya Nairobi kuko bustani ya watu wote, Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Siku ya Mungu familia zilikuwa zinaenda pale kupumzika, watoto walikuwa wanacheza, na asiye na franka mufukoni alikuwa hafukuzwi. Chama kilichokuwa kinatawala, KANU, kilitaka kujenga ndani yake jengo la etaje 60 pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Bei ilikuwa karibu milioni 200 za dola, na sehemu kubwa ingetoka ku mukopo wa inje.

Maathai hakuanza na maandamano. Alianza na barua. Aliandika ku ofisi ya Rais, ku wizara, ku wenye kujenga, ku mashirika ya Umoja wa Mataifa, na ku ubalozi wa Uingereza, akiwauliza kama wao wangekubali jengo kama lile lijengwe ndani ya Hyde Park ya London. Nakala alizipeleka kwa wanahabari, na hapo ndipo muji ulijua. Moi alijibu kwamba wenye kupinga wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamuke wa Afrika anapashwa kuheshimu wanaume na kunyamaza. Wabunge walimutukana bungeni. Shirika lake lilifukuzwa ndani ya nyumba ya serkali lilimokuwa linafanyia kazi, na Maathai akahamishia ofisi mu nyumba yake mwenyewe.

Alienda pia tribinali, na huko alishindwa. Tribinali ilisema hana haki ya kushitaki, sababu bustani si yake na hakuna hasara yoyote yake mwenyewe aliyoonyesha. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani ndilo linakwamisha watu wa kartie ku inchi nyingi: muti wa avenyu ni wa wote, basi unaonekana kama si wa mutu yeyote, na mutu yeyote akisema anaulizwa «wewe ni nani?».

Kitu kilichovunja muradi ni feza. Wenye kutoa mikopo walisikia makelele na wakaanza kurudi nyuma. Jengo lilipunguzwa ku karatasi, kiisha likaachwa kabisa, na mu mwaka 1992 uzio uliozunguka kiwanja uliondolewa. Uhuru Park iko pale mupaka leo.

Karura: pori ndani ya muji

Kaskazini ya Nairobi kuko pori la Karura, zaidi ya hektari 1.000, lililotambuliwa na serkali kama pori la kulindwa tangu mwaka 1932. Mito inapita ndani yake, kuko maporomoko ya maji na mapango, na pembeni yake, ku Gigiri, ndipo makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshugulikia mazingira. Ni kusema, viongozi wa mazingira wa dunia nzima walikuwa wanaweza kuona pori hilo likikatwa.

Ardi ya Karura ilianza kugawanywa kimya kimya mu miaka ya 1990. Mu mwaka 1998 Maathai alipata habari kama parseli zimepewa kompani za kujenga nyumba za bei kali. Nani mwenye kompani hizo? Hapo ndipo pagumu. Ku karatasi kulikuwa majina ya kompani, lakini majina ya watu yalifichwa, na wengi waliamini kama ni marafiki wa utawala.

Alirudia njia ya barua na ya magazeti. Lakini mara hii aliongeza kingine: kwenda pale pale na miche. Watu walikuwa wanaingia porini, wanapanda miti mahali ilikuwa imekatwa, na kuimwangilia. Mwezi wa 10 mwaka 1998 watu walikasirika na kuchoma mashine za kujengea zilizokuwa porini. Tendo hilo liliwaweka wapinzani wa kazi mahali pabaya, maana ilikuwa rahisi kuwaita wahalifu. Lakini lilifanya pia Karura ijulikane kwa kila mutu.

Tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka 1999, Maathai alifika ku mulango wa pori pamoja na wabunge wa upinzani, wanahabari na wageni wamoja kutoka Ujerumani. Walitaka kupanda muti mumoja tu, ishara kwamba ardi ni ya watu wote. Walikuta walinzi wengi sana wenye fimbo na mapanga, waliolipwa kuwangojea. Watu walipigwa. Maathai alipasuliwa kichwa, damu ikamushuka ku shingo. Alienda ku polisi kushitaki, na alipoambiwa atie sahihi ku karatasi, alichovya kidole ndani ya damu yake na kuandika nayo. Polisi waliombwa warudi naye porini kukamata wenye kupiga; hawakwenda.

Picha zilizunguka dunia. Kofi Annan, aliyekuwa katibu mukuu wa Umoja wa Mataifa, alilaumu shambulio hilo. Mwisho wa mwezi ule ule wanafunzi wa iniversite waliandamana juu ya Karura, wakapambana na polisi, na iniversite ikafungwa. Mwezi wa 8 mwaka 1999, Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardi ya serkali.

Mutu asifikiri kama kila kitu kiliisha siku hiyo. Parseli zilizokwisha kutolewa zilibaki na karatasi zao. Ni nyuma ya KANU kushindwa mu uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2002 ndipo kazi ya kufungua madosie ilianza. Serkali mupya iliweka tume, iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, na ripoti yake ya mwaka 2004 ilionyesha namna mapori, viwanja vya masomo na bustani vilivyokuwa vinagawanywa kama zawadi za kisiasa. Mwaka ule ule Maathai, aliyekuwa sasa mubunge na naibu wa waziri wa mazingira, alipewa tuzo la Nobel la amani. Alikufa tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 2011.

Kulinda nyuma ya kushinda

Karura iliyookolewa ilibaki pori ya hatari. Wezi walikuwa wanajificha ndani, wamama waliogopa kupita, na watu walikuwa wanatupa takataka na kukata kuni usiku. Hapa ndipo mapambano mengi ya miti yanaangukia: watu wanashangilia siku muradi unasimama, kiisha hakuna mwenye kushugulika na kiwanja, na miaka kumi mbele muradi mwingine unakuja na kusema «pale hapana kitu».

Nairobi iliponea kwa sheria na kwa kazi. Sheria ya mapori ya mwaka 2005 iliruhusu mashirika ya wakaaji kusimamia pori pamoja na idara ya serkali. Shirika la marafiki wa Karura liliundwa kwa njia hiyo, uzio wa umeme ukajengwa, na mwaka 2011 pori lilifunguliwa kwa matembezi na mbio. Wakaaji wa Kenya walikuwa wanalipa karibu shilingi 100 kuingia kwa miaka mingi, na feza hizo zililipa walinzi na matengenezo. Vijana wa vitongoji maskini vilivyo karibu walipata kazi ndani, wengine mahali pale pale walipokuwa wanakata kuni kwa wizi. Swali la kuni halikuisha lote: mama anayepikia ku jiko la kuni hawezi kuishi kwa hewa safi peke yake.

Mabadiliko ingine ilikuja na katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 70 kinaruhusu mutu yeyote kwenda tribinali kutetea mazingira bila kuonyesha kama yeye mwenyewe aliumia. Jibu alilopewa Maathai mwaka 1989 haliwezi kurudia. Na linatumiwa: mwaka 2024, mupango wa kupanua barabara ya Kiambu kwa kuchukua sehemu ya Karura ulipotangazwa, mabishano yalirudi, na Green Belt Movement ikaenda tribinali.

Na huku Congo?

Mashariki mwa Congo miji imejaa haraka juu ya vita na watu wenye kukimbia vijiji. Bukavu imejengwa ku vilima vyenye kubomoka, na kila muti unaotoka ku muteremuko unaacha udongo bila kamba. Goma iko juu ya mawe ya volkano, mahali muti unachukua miaka mingi kushika. Kila parseli inatafutwa, na makala inahitajiwa kila siku. Kwa hiyo eneo lenye miti ndani ya muji linaonekana mbele ya wengi kama ardi yenye kulala.

Lakini sheria haiko kimya. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira safi, na ana lazima ya kuyatetea. Neno hilo «lazima» ni la maana: mukaaji anayeuliza swali juu ya miti haingilii mambo ya wengine. Sheria ya mapori ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002 inaweka mapori ya ndani ya miji kati ya mapori ya kulindwa. Muti mumoja wa pembeni ya avenyu si pori, na hapo mutetezi atahitaji hoja zingine. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011 inadai kwamba muradi wenye kuweza kuharibu mazingira ufanyiwe uchunguzi mbele ya kuanza, na wakaaji waulizwe mawazo yao.

Ni kusema, kabla ya mashine kufika kuko karatasi zenye kupashwa kuwepo, na kikundi cha kartie kinaweza kuziomba kwa barua: plani ya muji yenye kuonyesha kama kiwanja ni cha wote, karatasi ya ofisi ya kadastre yenye kuonyesha ardi ilipewa nani na tarehe gani, ruhusa ya kujenga, na ule uchunguzi wa mazingira. Barua inaandikwa kwa burgumestre au kwa meri, nakala kwa wizara ya mazingira ya jimbo na kwa mashirika ya kiraia, na kila nakala inagongwa muhuri wa kupokelewa. Maathai alifanya vile vile, na mabarua yake ndiyo yalibaki kama ushahidi wakati viongozi walikana.

Kuhusu kutoka ku barabara, kifungu cha 26 cha katiba kinaomba waandaaji wajulishe mukubwa wa mahali kwa maandishi. Kinasema kujulisha, hakisemi kuomba ruhusa, hata kama ku komini nyingi mambo hayo mawili yanachanganywa kila siku.